Nyama ya Kloni: Watu Hukataa Nini Hasa?

Mgonjwa anayemuuliza daktari au muuguzi iwapo nyama ya mnyama wa kloni ina madhara, mara nyingi huuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni la afya: nikiila, nitaugua? La pili ni la dhamiri na uaminifu: je, ni haki kuzalisha wanyama hivyo, na je, nitaambiwa kabla sijala? Sayansi imelijibu la kwanza kwa kiasi kikubwa. La pili ndilo linaloeleza kwa nini wengi huisukuma kando sahani hiyo hata wakihakikishiwa usalama wake.

Kloni hupatikana kwa kuchukua yai la mnyama jike, kutoa kiini chake, na kuweka mahali pake kiini cha seli ya mwili wa mnyama anayetakiwa nakala yake. Kiinitete kinachotokea hupandikizwa katika mji wa mimba wa jike mwingine. Anayezaliwa ni kama pacha wa mwenye seli, ila amechelewa miaka kadhaa. Hapaingizwi kinasaba kigeni. Kwa hiyo kloni si sawa na mnyama aliyebadilishwa vinasaba, ingawa mitaani mambo hayo huchanganywa daima. Dolly, kondoo aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, Uskoti, ndiye mamalia wa kwanza kupatikana hivyo kutokana na seli ya mnyama mzima. Yalitumika mayai 277, akapatikana mwanakondoo mmoja.

Januari 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilihitimisha kwamba nyama na maziwa ya kloni wa ng'ombe, nguruwe na mbuzi, pamoja na ya wazao wao, ni salama sawa na vyakula tulivyovizoea. Kuhusu kondoo haikutoa uamuzi, kwa kuwa takwimu zilikuwa chache. Julai mwaka huohuo, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya nayo haikuona dalili ya tofauti katika usalama wa nyama na maziwa. Hilo halipaswi kushangaza: tumbo humeng'enya protini ya nyama bila kujali mnyama alitungwaje mimba, na hali ya kuwa kloni haiambukizi. Lakini mamlaka hiyo ilieleza wazi kwamba wanyama wenyewe huumia: ndama huzaliwa wakubwa kupita kiasi, kondo la nyuma huwa na kasoro, na vifo vya mapema ni vingi.

Wananchi walisemaje? Mwaka huohuo wa 2008, Tume ya Ulaya iliwahoji wakazi wa nchi wanachama wake. Asilimia 58 walisema kutengeneza kloni kwa ajili ya chakula hakuwezi kuhalalishwa kamwe. Asilimia 63 walisema hawaelekei kununua nyama au maziwa hayo hata kama chanzo wanachokiamini kingetamka kuwa ni salama. Takwimu hii ya pili ndiyo inayostahili kutafakariwa na kila mtoa elimu ya afya, maana inaonyesha kwamba maelezo zaidi kuhusu usalama, hata yakitoka kwa mtu anayeaminika, hayatoshi kuubadili msimamo huo.

Kuuita msimamo huo ujinga ni kusahau historia. Mwaka 1990, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipokuwa umeenea Uingereza, waziri wa kilimo John Gummer alisimama mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo baga, ili taifa lione kwamba nyama ni salama. Machi 1996 serikali hiyohiyo ilikiri kwamba huenda ugonjwa huo ulikuwa umeingia kwa binadamu. Zaidi ya Waingereza 170 walifariki kwa ugonjwa wa ubongo uliotokana nao. Dolly alizaliwa miezi minne baada ya tangazo lile. Neno "salama" kutoka kinywani mwa serikali lilikuwa limekwisha kuchakaa.

Kisha likaja suala la kuambiwa. Kloni mwenyewe ni ghali mno kuchinjwa. Hufugwa kwa ajili ya mbegu, na kinachofika sokoni ni nyama ya wazao wake. Agosti 2010 ilibainika kwamba fahali aliyezaliwa Uingereza kutokana na kiinitete cha ng'ombe wa kloni wa Marekani alikuwa amechinjwa mwaka uliotangulia, na nyama yake ikaliwa bila mlaji yeyote kujua. Wataalamu walisema hakuna hatari kiafya, na nadhani walisema kweli. Hata hivyo, mlaji alikuwa na haki ya kukasirika.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, Nairobi, walishirikiana na wenzao kupata fahali wa kloni wa aina ya Boran, wakampa jina Tumaini. Hakukusudiwa kwa mchuzi. Alikuwa hatua ya kuelekea kupata ng'ombe wenye kinasaba cha nyani kinachowakinga nyani hao dhidi ya vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mfugaji aliyewahi kupoteza kundi kwa nagana huenda akalipima suala hili kwa mizani tofauti na mlaji wa Ulaya.

Katika chumba cha ushauri, basi, ubaya hutokea pale ambapo mama mwenye upungufu wa damu anaacha nyama kwa kuhofia "ng'ombe wa maabara". Aelezwe kwamba hatari zinazojulikana za nyama ni nyingine: kimeta, minyoo ya tegu, mabaki ya dawa, na kwamba kinga yake ni kununua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi na kuipika ikaiva hadi ndani. Akisema hataki kloni kwa sababu mnyama anateseka, asibishiwe. Hoja yake ina ushahidi. Na mgonjwa Mwislamu akiuliza uhalali wake, inafaa kujua kwamba mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao Jeddah liliharamisha kloni ya binadamu, likaruhusu mbinu hiyo kwa mimea na wanyama ndani ya mipaka ya sharia. Mnyama huyo alichinjwaje ni swali la kumpelekea mchinjaji.