Ulizaliwa Pacha?

Mwaka 1948, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Maudsley, kusini mwa London, kila mgonjwa aliyefika alianza kuulizwa swali lisilohusu maradhi yake hata kidogo: ulizaliwa pacha? Awe amekuja kwa huzuni isiyokwisha, awe anasikia sauti za watu asiowaona, swali lilikuwa lile lile. Aliyeitikia, jina lake liliandikwa kwenye daftari maalumu. Mwenye wazo hilo alikuwa daktari Eliot Slater, na daftari liliendelea kujazwa kwa miaka 16, wakapita wagonjwa wapatao 45,000.

Kwa nini mapacha? Ninyi mnaosoma na kina Kulwa na Doto mmeshaona kwamba wako wa namna mbili. Wanaofanana wametokana na yai moja lililogawanyika, kwa hiyo jeni zao, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama, ni karibu zile zile. Wasiofanana wametokana na mayai mawili, na kwa jeni hawapishani na ndugu wengine wa tumbo moja: wanashiriki nusu. Ila wote, wanaofanana na wasiofanana, wamekaa tumboni pamoja, wakanyonya pamoja na kulelewa nyumba moja. Basi fanyeni hesabu wenyewe. Kama ugonjwa unaletwa na malezi tu, mapacha wasiofanana wangeugua pamoja sawa na wanaofanana. Kama unaletwa na jeni tu, pacha anayefanana na mgonjwa angeugua kila mara, bila kukosa.

Aliyekuja kuifanya hesabu hiyo kwa makini alikuwa Mmarekani, Irving Gottesman. Alizaliwa Cleveland mwishoni mwa mwaka 1930, mtoto wa Wayahudi waliohama Ulaya ya Mashariki. Alianza na fizikia, akaiacha, akaingia saikolojia, na mwaka 1960 akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Minnesota kwa utafiti wa tabia za mapacha. Mwaka 1963 akavuka bahari hadi London, akaketi na mtafiti James Shields mbele ya lile daftari la Slater.

Ugonjwa walioufuata ni skizofrenia. Mtu husikia sauti zisizokuwepo, huamini kwamba anafuatwa au anasemwa, mawazo yake hukatika njiani, na mara nyingi hujitenga na watu. Huanza zaidi katika ujana au utu uzima wa mapema. Kwetu ataambiwa amerogwa au ana majini. Wenzake watamtania kwamba ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, Mirembe, au Mathari kama ni Nairobi. Msidhani Wamarekani wa wakati huo walikuwa na busara zaidi. Huko wapo mabingwa waliofundisha kwamba ugonjwa huu huletwa na mama: mama mkali, mama asiye na upendo. Fikirieni mzazi anayeuguza mwanawe, kisha daktari anamwambia chanzo ni yeye.

Gottesman na Shields walipata jozi 57 ambamo angalau pacha mmoja alikuwa na skizofrenia. Hapa ndipo ninapoipenda kazi yao. Walijua kwamba mtafiti anayetaka jibu fulani huliona hata mahali lisipokuwepo. Wakaandika historia ya kila mtu, wakaondoa habari zote za kuonyesha kama ni pacha wa kufanana au la, kisha wakawapa waamuzi sita wazisome na kusema nani mgonjwa na nani mzima. Waamuzi hawakuwa na njia ya kupendelea upande wowote, kwani hawakujua pande ziko wapi.

Walipohesabu wale ambao pacha zao nao walilazwa kwa skizofrenia, kati ya jozi 24 za wanaofanana, wote wawili waliugua katika jozi 10. Kati ya jozi 33 za wasiofanana, katika jozi 3 tu. Asilimia 42 kwa 9. Mama wakapata wa kuwatetea, kwa sababu malezi peke yake hayawezi kuleta pengo kubwa namna hiyo. Lakini angalieni pia zile jozi 14 zilizobaki: jeni zile zile, nyumba ile ile, mmoja kaugua na mwenzake hakulazwa kwa ugonjwa huo. Gottesman hakuziacha jozi hizo maisha yake yote.

Alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Mwaka 1933 Ujerumani ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu wenye magonjwa yaliyodaiwa kuwa ya kurithi, skizofrenia ikiwemo, na baadaye wagonjwa kwa maelfu wakauawa. Wanasayansi wa urithi walishiriki. Slater mwenyewe alisomea kwa muda mjini Munich miaka hiyo ya thelathini, ingawa alimwoa Lydia Pasternak, mwanakemia wa ukoo wa Kiyahudi na dada wa mwandishi Boris Pasternak. Kwa hiyo kila aliyetamka “jeni” na “wazimu” katika sentensi moja baada ya Vita Kuu ya Pili alitazamwa kwa jicho la shaka, na mimi naona ilikuwa haki atazamwe hivyo.

Mwaka 1967 Gottesman na Shields walitoa wazo lao kubwa. Wenzao wengi walikuwa wakitafuta jeni moja ya skizofrenia. Wao wakasema haipo. Zipo nyingi, kila moja na nguvu kidogo sana. Chukulieni jahazi linalopakiwa magunia. Gunia moja halilizamishi, wala la pili. Kila moja linalishusha kidogo tu, mpaka maji yanakaribia ukingo. Bahari ikiwa shwari, hata lililojaa litafika. Ikichafuka, litaingia maji. Mawimbi ni yale yanayompata mtu maishani: matatizo wakati wa kuzaliwa, bangi nyingi ujanani, misukosuko mizito.

Ushahidi mzuri ulitoka Denmark. Mwaka 1989 Gottesman na mtafiti Aksel Bertelsen waliwafuatilia watoto wa mapacha wanaofanana ambao mmoja aliugua na mwenzake akabaki mzima. Hatari ya kuugua kwa watoto wa pacha mgonjwa ilikuwa asilimia 16.8. Kwa watoto wa pacha mzima, ambaye hakuwahi kuugua, ilikuwa asilimia 17.4. Hakuna tofauti ya maana. Yule mzima alikuwa na mzigo ule ule, akaupitisha kwa wanawe, ila yeye mwenyewe hakuzama.

Wazo la jeni nyingi lilisubiri mashine za kusoma jeni. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa nchi nyingi lililinganisha vinasaba vya wagonjwa wa skizofrenia wapatao 37,000 na vya watu 113,000 wasio na ugonjwa huo, likapata sehemu 108 za vinasaba zinazohusika, karibu kila moja na athari ndogo mno. Gottesman alikuwa hai, ana miaka 83. Alifariki mwaka 2016.

Sasa niwape hesabu ambayo itawafaa siku wazee watakapokaa kikao cha posa na kunong’onezana kwamba ukoo ule una kichaa. Kwa takwimu alizokusanya Gottesman, katika watu wote huugua kama mmoja kati ya 100. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa, kama 13 kati ya 100. Wengine 87 hawaugui skizofrenia. Na karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wana baba na mama wasio na ugonjwa huo. Wala si posa tu: huko Hong Kong wanaume watatu walikosa kazi za serikali, za zimamoto, gari la wagonjwa na forodha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mzazi mwenye skizofrenia. Walishtaki, na mwaka 2000 mahakama ikawapa haki.

Zile sehemu 108 zina kasoro moja: zilipatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, wakati watu wa Afrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko wote duniani. Ndiyo maana miaka ya karibuni watafiti wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, waliwaomba maelfu ya watu, wagonjwa na wazima, watemee mate kwenye vichupa. Kwa Kenya, kazi hiyo ilifanyika Eldoret na Kilifi.