Ajali za Watoto Nyumbani (2): Uji wa Moto na Dakika 20 za Kwanza

Wiki iliyopita tulizungumzia mafuta ya taa yanayohifadhiwa kwenye chupa za soda. Leo tuingie jikoni.

Jumapili moja asubuhi binti wa jirani alinigongea mlango huku akihema: "Daktari, mama anakuita, mdogo wangu kaungua na uji!"

Niliwakuta wote uani. Mama alikuwa akiipua sufuria kutoka kwenye jiko la mkaa, ameishikia kwa pindo la kanga aliyojifunga. Mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi miwili, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akaidaka kanga hiyohiyo ili ajinyanyue. Uji ukammwagikia kifuani na mkononi. Nilipofika, mkono ulikuwa umeshapakwa dawa ya meno kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Bibi alishika yai bichi. Baba alikuwa akimuuliza mama, "Wewe ulikuwa wapi?" Na hatua mbili kutoka pale, ndoo ya lita 20 ilikuwa imejaa maji, kata inaelea juu yake. Hakuna aliyeigusa.

Makala haya ni kwa ajili ya ndoo ile.

Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo joto huipenya haraka na kwenda ndani zaidi. Uji ni hatari kuliko maji kwa sababu ni mzito: hunata na kuendelea kuunguza hata sufuria ikiwa imeshaondolewa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kulitoa joto hilo, na kinachoweza kulitoa ni maji.

Mvue nguo zilizolowa, pamoja na bangili au shanga, kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iache. Kisha mmiminie maji safi ya kawaida, taratibu, mfululizo, kwa dakika 20. Kama maji ni haba, tumia kitambaa safi kilicholoweshwa, ukikibadilisha mara kwa mara. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa kanga kavu asishikwe na baridi. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado maji yanasaidia; faida yake hufika hadi saa tatu baada ya kuungua.

Dawa ya meno haiponyi. Huzuia joto lisitoke, kisha hospitalini tunalazimika kuisugua kwenye kidonda kibichi huku mtoto akilia. Yai bichi huleta vijidudu. Barafu huumiza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Malengelenge msiyapasue.

Baada ya maji, funika jeraha kwa kitambaa safi kikavu, msilibane, kisha nendeni hospitali. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Jeraha likizidi viganja 10, mwili hupoteza maji mengi na huenda akahitaji dripu, hivyo msichelewe hata kidogo. Jeraha la usoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, hata likiwa dogo, lionwe na daktari. Kovu la kwenye kiungo likiachwa bila matunzo huvuta ngozi, na mkono ukabaki umekunjika. Chukueni pia kadi ya kliniki, daktari aone kama amepata chanjo ya pepopunda.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Chora duara kuzunguka jiko, mtoto asivuke. Shikia sufuria kwa kitambaa cha pembeni, si kwa kanga uliyoivaa. Chai usiinywe ukiwa umempakata mtoto.

Na tafadhali, swali la "ulikuwa wapi" liacheni. Mama yule alikuwa palepale, akiwapikia. Kila dakika ya lawama inaondoka katika zile 20.

Siku ile bibi aliliweka yai chini, akachukua kata, akamiminia mpaka nilipomwambia basi. Mtoto alitibiwa hospitalini, na leo anakunja na kunyoosha kiwiko chake kama kawaida. Tangu hapo, kila nikipita, naiona ndoo karibu na jiko, imejaa.

Wiki ijayo: karanga, sarafu na vitu vingine vinavyomkwama mtoto kooni.