Ruzuku Inapokoma: Kuwapanga Upya Wakaguzi wa Afya katika Halmashauri

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania, na wagonjwa zaidi ya 20,000 waliripotiwa. Wakati wa milipuko ya aina hiyo, ruzuku za wafadhili huziwezesha halmashauri kuajiri wakaguzi wa muda, kununua vitendanishi vya kupimia maji na kulipia mafuta ya pikipiki. Mlipuko ukiisha, ruzuku nayo hukoma, ilhali visima vifupi vilivyo jirani na vyoo hubaki palepale.

Ukomo huo aghalabu hauendani na kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai 1, na ule wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1. Tena, ufadhili waweza kusitishwa ghafla, kama ilivyokuwa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Halmashauri isiyojiandaa hulazimika kuamua kwa haraka, na uamuzi wa haraka huwa ni kupunguza ukaguzi wote kwa kiwango kilekile.

Hesabu ndogo yaonesha kasoro ya njia hiyo. Chukulia halmashauri yenye wakaguzi sita na maeneo 600 ya kukagua, yaani migahawa, vibanda vya mama lishe, visima, shule na maduka. Kila mkaguzi akifanya ukaguzi 25 kwa mwezi, jumla kwa mwaka ni 1,800. Kila eneo hufikiwa mara tatu. Wakaguzi wawili waliolipwa na ruzuku wakiondoka, ukaguzi hushuka hadi 1,200, na kila eneo hufikiwa mara mbili tu, liwe duka la vinywaji vya chupa au kisima kinachotegemewa na kijiji kizima.

Sasa maeneo hayo yapangwe kwa kiwango cha hatari. Maeneo 100 yenye hatari kubwa yakikaguliwa mara nne kwa mwaka, 200 ya hatari ya wastani mara mbili, na 300 ya hatari ndogo mara moja, jumla ni 1,100. Nafasi 100 hubaki kwa ajili ya malalamiko na dharura. Wakaguzi wamepungua kwa theluthi moja, lakini mahali penye hatari kubwa panafikiwa mara nyingi kuliko wakati wa ruzuku.

Kiwango cha hatari hupimwa kwa vigezo vya kitabibu. Chakula kilichopikwa kikaachwa katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi huruhusu bakteria kuzaliana kwa kasi. Maji yaliyotiwa dawa yanapaswa kuwa na masalia ya klorini yasiyopungua miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Huzingatiwa pia idadi ya watumiaji, hali ya vyoo na kumbukumbu za magonjwa ya kuhara katika zahanati ya jirani. Kwa kuwa dalili za kipindupindu huweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya maambukizi, kosa la mahali pamoja laweza kujaza wodi kabla ya ukaguzi unaofuata.

Upangaji huo una masharti matatu. Kwanza, mtumishi anayehamishwa kutoka mradi mmoja, tuseme wa kudhibiti mbu, apewe mamlaka rasmi ya ukaguzi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Bila hayo, amri yake yaweza kupingwa. Pili, apate mafunzo kwa vitendo chini ya mwenzake mzoefu. Tatu, kumbukumbu za mradi zikabidhiwe kwa Afisa Afya wa halmashauri kabla mkataba wa mwisho haujaisha. Orodha ya visima vilivyokutwa na uchafu ikipotea, kazi yote huanza upya.

Kuna kishawishi cha kuepukwa, nacho ni kuwageuza wakaguzi kuwa wakusanya ushuru ili wajilipie gharama zao. Mkaguzi anayepimwa kwa faini huvutwa kwenye biashara zenye fedha, na mama lishe humwona kama mtu wa kukimbiwa badala ya mshauri wa usafi.

Mahali pafaapo pa kuandika uamuzi huu ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, wakati ruzuku ingali hai. Mganga Mkuu wa Halmashauri awaeleze madiwani waziwazi ni ukaguzi upi utapungua na kwa sababu gani. Wakiona kwamba duka la vinywaji litafikiwa mara moja kwa mwaka ili kisima kifikiwe mara nne, wataweza kuulinda mpango huo hata pale mwenye duka au mpiga kura atakapouliza mkaguzi amekwenda wapi.