Stara ya Jina

Mwaka 1565 mchoraji wa Kitaliana aitwaye Daniele da Volterra alipewa mjini Roma kazi ya ushonaji isiyohitaji sindano wala uzi, nayo ni kupanda jukwaani katika kanisa dogo la Sistine, ndani ya makao ya Papa, na kuwavika nguo kwa brashi na rangi wale watakatifu na wafu wafufukao ambao Michelangelo, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla, aliwaacha uchi ukutani. Daniele hakuwa hasidi wa marehemu; alikuwa mfuasi na rafiki yake, na ndiye aliyesubu kwa shaba sanamu ya kichwa chake ambayo kwayo sisi wa leo twaijua sura ya Michelangelo ya uzeeni. Hapa alipitisha shuka, pale akafunga ubinda, asidiriki zaidi ya alivyoagizwa, lakini watu wa Roma, ambao ulimi wao haukuwa na pazia, wakampachika lakabu ya Mshona Suruali, na lakabu hiyo imemganda hata leo, ikazifunika picha zote njema alizozichora kwa fikra zake mwenyewe.

Ukuta wenyewe una picha ya Siku ya Hukumu. Michelangelo aliianza mwaka 1536 akaimaliza mwaka 1541, na humo alikusanya miili zaidi ya 300, wengine wakipanda kwenda peponi, wengine wakiburutwa kwenda motoni, na wengi mno miongoni mwao hawana vazi lolote. Hoja yake haikuwa ya mtu fasiki, kwani nani atafufuka na kanzu yake? Msomaji aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu atakumbuka kwamba na kwetu hufundishwa kuwa viumbe watahudhurishwa siku ya kiyama miguu mitupu, bila nguo, na kwamba hofu ya siku hiyo haitamwachia mtu nafasi ya kumtazama mwenziwe. Hata hivyo, kazi ilipokuwa bado haijaisha, msimamizi wa sherehe za Papa, Biagio da Cesena, aliiona akasema kwamba picha kama ile mahali pake ni hamamuni au kilabuni. Michelangelo hakujibu kwa ulimi. Alikwenda akamchora bwana huyo pembeni kabisa mwa jahanamu, akampa umbo la Minos, kadhi wa motoni, masikio ya punda kichwani na nyoka amemzonga mwili; na husimuliwa kwamba Biagio alipokwenda kushitaki, Papa alimwambia kuwa kama angaliwekwa toharani angaliweza kumsaidia, ama motoni yeye hana amri. Yuko pale pale hata sasa.

Hekaya hii huchekesha, lakini ugomvi uliokuwa nyuma yake haukuwa mchezo. Kanisa Katoliki lilikuwa limepasuliwa na harakati za Waprotestanti, ambao miongoni mwa shutuma zao ilikuwamo hii ya picha makanisani, na Baraza la Trento lilipofunga vikao vyake mwishoni mwa mwaka 1563 liliagiza kwamba picha takatifu zisiwe na lolote la kuchochea matamanio. Mwezi Januari uliofuata ikaamuliwa kuwa ukuta ufunikwe. Mwezi Februari Michelangelo akafa, asiishuhudie brashi ya rafiki yake. Kwa bahati njema kardinali mmoja wa ukoo wa Farnese alikwisha kumwagiza Marcello Venusti, mwaka 1549, achore nakala ndogo ya picha nzima, nayo ipo katika makumbusho ya Capodimonte mjini Naples, na kwa nakala hiyo twaweza kujua ni nani aliyekuwa uchi na ni nani aliyevishwa.

Nimeanza na ukuta huu kwa kuwa watu wengi, wakisikia habari ya picha za uchi katika sanaa ya Ulaya, hudhani kwamba Wazungu hawakuwa na haya ilhali sisi tunayo. Walikuwa nayo tele. Tofauti ni mahali walipoiweka. Mwanachuoni wa Kiingereza Kenneth Clark, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alitenga hali mbili, ya mtu aliyevuliwa nguo akabaki na fedheha yake, na ya mwili ulioumbwa upya na sanaa ukawa na utulivu wake. Mgawanyo huo una uzuri wake, ila mimi naona lugha yetu hulifikia jambo hili kwa njia fupi zaidi kwa neno lake la stara, ambalo si nguo tu, bali ni kila kimfichiacho mtu aibu: nyumba ni stara, ndoa ni stara, hata ukimya wa jirani ni stara. Katika uchoraji wa Ulaya, kwa muda wa takriban karne nne, stara ya mwili ilikuwa jina. Mwanamke asiye nguo akiitwa Venus, ambaye nyota yake sisi twaiita Zuhura, picha hutundikwa katika kasri la mtawala na wageni wa heshima wakaisifu. Akiitwa binti fulani wa mtaa fulani, ni fedheha ya mji mzima. Adamu na Hawa walikuwa na ruhusa yao, Susana aliyechunguliwa na wazee akioga alikuwa na yake, na mashahidi wa dini walioteswa walikuwa na yao.

Wala isidhaniwe kuwa mwili huo ulitakiwa kwa kutazamwa tu. Leon Battista Alberti, katika risala yake juu ya uchoraji ya mwaka 1435, aliwausia wachoraji wamchore mtu kwanza mifupa, kisha misuli, kisha nyama na ngozi, na hata yule atakayevaa wamchore uchi kwanza ndipo wamvike. Maana yake ni kwamba chini ya kila joho la mfalme na kila shuka ya bikira katika picha hizo upo mwili uliopimwa, na ndiyo sababu nguo zao zaonekana kuwa na mtu ndani na si kutundikwa msumarini. Kwa ajili hiyo shule za sanaa zilimpitisha mwanafunzi katika kunakili michoro, kisha sanamu za plasta, na mwisho ndipo alipofikishwa mbele ya mtu hai aliyelipwa ijara ili akae bila kutikisika.

Stara ya jina ilirithiwa kwa Wayunani. Mwandishi wa Kirumi Plinio ameeleza kwamba Praxiteles alichonga sanamu mbili za Aphrodite, ndiye Venus wa Wayunani, mmoja amevaa na mmoja uchi. Watu wa kisiwa cha Kos wakachagua aliyevaa, watu wa Knidos wakamchukua aliyebaki, na baadaye mfalme Nikomedes alipojitolea kuwalipia deni lote la mji wao ili wamwuzie, wakakataa. Lakini mfano nilioupenda kuliko yote ni picha ya mchoraji Titian ya mwaka 1538, iliyo katika makumbusho ya Uffizi mjini Florence. Mwanamke mchanga amelala juu ya shuka nyeupe, mbwa mdogo amejikunja miguuni pake, na nyuma kabisa watumishi wawili wako penye sanduku la nguo. Bwana Guidobaldo della Rovere, aliyeinunua, katika barua yake kwa wakala wake hakumtaja Venus yeyote; aliiita picha ya mwanamke uchi, basi. Jina la Venus lilikuja baadaye kwa kalamu ya mwandishi Giorgio Vasari, na hadi leo ndilo lililoandikwa kando ya picha. Mtazame tena yule mtumishi aliyepiga magoti mbele ya sanduku: nguo zipo, zatafutwa, zitaletwa. Mchoraji ametia stara ndani ya picha yenyewe, ila imechelewa kidogo.

Zaidi ya miaka 300 ikapita, na Mfaransa Édouard Manet, ambaye katika ujana wake alikuwa amekwenda Florence akainakili picha hiyo ya Titian, akaivua jina lake. Kitanda ni kile kile, mkao ni ule ule, lakini mbwa amekuwa paka mweusi aliyesimamisha mkia, na mwanamke ana ua nywelini, utepe mweusi shingoni, bangili mkononi na kiatu kimoja kinachoning'inia, vitu ambavyo mungu wa kike wa mapenzi hana haja navyo. Picha aliiita Olympia, jina ambalo mwanamume wa Paris wa zama hizo alilijua kuwa ni la makahaba, na ilipoonyeshwa mwaka 1865 watu waliicheka, wakaikasirikia, hata ikahamishwa ikatundikwa juu kabisa ya mlango ili macho yasiifikie vizuri. Na hao hao miaka miwili kabla walikuwa wameishangilia picha ya Alexandre Cabanel, Venus mwingine aliyejinyoosha juu ya mawimbi kwa ulegevu ambao Olympia hana hata chembe yake, na Kaisari Napoleon wa tatu akainunua. Uchi ulikuwa katika picha zote mbili. Kilichokosekana kwa Manet ni udhuru. Na tena mwanamke wake hakufumba macho wala kuyageuza, bali anamkabili mtazamaji kama mwenye duka amtazamavyo mteja aliyeingia bila fedha.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa hapa ndipo waandishi wengi hupita mbio. Katika picha hiyo wamo wanawake wawili. Wa pili ni mweusi, amevaa gauni na kitambaa kichwani, ameleta shada kubwa la maua, na kwa zaidi ya miaka 100 wahakiki walijaza vitabu wakimjadili yule asiye nguo bila kuuliza huyu aliyevaa ni nani. Manet mwenyewe alikuwa ameandika katika daftari lake jina na mtaa aliokaa: Laure. Mwaka 2019 makumbusho ya Orsay mjini Paris, yanayoihifadhi picha hiyo, yalifanya maonyesho juu ya watu weusi waliokaa mbele ya wachoraji wa Kifaransa, na kwa muda wa maonyesho hayo picha ikaitwa kwa jina lake. Ikiwa jina ni stara, basi kati ya wawili wale aliyekaa uchi muda mrefu ni Laure.

Wanawake wenyewe walizuiliwa mlangoni. Chuo cha sanaa cha kifalme cha London kilipoanzishwa mwaka 1768, miongoni mwa waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, lakini Johan Zoffany alipowachora waanzilishi wamemzunguka mwanamume uchi wa kuchorwa, haikuwezekana kuwaweka mabibi hao chumbani humo, kwa hiyo akawatundika ukutani kama picha. Ilipofika mwaka 1893 ndipo wanafunzi wa kike wa chuo hicho waliporuhusiwa kuchora mtu aliye hai, naye awe amejifunga. Suzanne Valadon hakungoja ruhusa ya chuo chochote: alikaa mbele ya wachoraji Renoir na Toulouse-Lautrec akiwa maskini wa kulipwa ijara, akawaangalia wanavyofanya kazi huku wao wakimwangalia yeye, na mwaka 1909 akachora Adamu na Hawa, Hawa akiwa yeye mwenyewe. Baadaye, ili picha ionyeshwe hadharani, ilimpasa amtie Adamu majani kiunoni. Hawa hakutiwa jani hata moja, jambo lionyeshalo aibu iliyokuwa ikilindwa ilikuwa ya nani. Na kundi la wasanii wa kike wa New York wajiitao Guerrilla Girls walipohesabu mwaka 1989 katika makumbusho ya Metropolitan, walikuta kuwa katika vyumba vya sanaa ya kisasa wasanii wa kike hawafiki asilimia 5, ilhali asilimia 85 ya waliochorwa uchi ni wanawake.

Juu ya fedha nitasema moja tu: polisi wa Paris waliamuru picha za uchi za mchoraji Modigliani ziondolewe katika maonyesho ya mwaka 1917, na mojawapo ya picha za mfululizo huo ikauzwa mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 170.

Katika wachoraji wa leo, anayenivuta zaidi kwa jambo hili ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London. Yeye hachori juu ya turubai. Huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo, ambayo Waganda waliivaa kabla ya pamba kuenea na ambayo hata leo huwavika maiti wao. Matobo ya gome na mishono ya fundi huonekana katikati ya picha, mara nyingine penye kifua au tumbo la mtu. Miongoni mwa picha zake ipo ya mwaka 2016 ya wacheza baikoko, ngoma ya kukata viuno, penye mlango wa mto Mwachema, na kila aliyewahi kusikia watu wa pwani wakibishana juu ya ngoma hiyo atajua kwamba mabishano ya Roma hayajaisha. Wengine waliuvika mwili nguo baada ya kuuchora. Yeye anauchora juu ya nguo.

Ukuta wa Sistine nao ulisafishwa upya kati ya mwaka 1990 na 1994. Ifahamike kuwa rangi iliyotiwa juu ya lipu mbichi ya chokaa hukauka pamoja nayo ikawa kitu kimoja, bali iliyopakwa baadaye juu ya lipu kavu yaweza kuondolewa na mtaalamu mwenye subira. Kwa hiyo nguo nyingi zilizoongezwa katika karne za baadaye zilivuliwa. Zile za Daniele ziliachwa, kwa kuwa nazo zimekwisha kuwa historia. Isitoshe, kwa watakatifu Katerina na Blasio, ambao mkao wao ulikuwa umezusha maneno mengi, Daniele hakupaka tu. Aliibandua lipu ya Michelangelo, akaweka mpya, akachora upya. Katerina yuko pale na gurudumu lake, amevaa gauni la kijani, na chini ya gauni hilo hapana mwili.