Siti si Kiti cha Basi

Msikilizaji mpenzi, juma hili nakuletea kesi ya nyumbani. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, alinijia jioni moja amenuna.

"Mjomba," akasema, "nisaidie nibadili jina. Kila nikiingia darasani wananiuliza, siti ya dirishani au siti ya nyuma?"

Jina lake ni Siti. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mtoto alikuwa analengwa na machozi. Nikamketisha, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe sasa.

Siti ya basi ni neno la Kiingereza, tumelipokea pamoja na magari. Siti ya jina imetoka kwenye Kiarabu, "sitti", yaani bibi yangu, mwanamke wa heshima. Ni neno la kale. Kule Misri aliwahi kuwapo binti wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Sitt al-Mulk, Bibi wa Ufalme. Ndugu yake, mtawala al-Hakim, alipotoweka mwaka 1021, bibi huyo ndiye aliyeshika hatamu za nchi.

Neno hilo lilisafiri pamoja na dini na biashara. Malaysia na Indonesia jina la Siti ni la kawaida kabisa. Pwani yetu lilitangulia kuwa neno la heshima, likitajwa mbele ya majina ya wanawake watukufu, kama Siti Khadija.

Lakini aliyelivumisha Afrika Mashariki ni mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya utumwa. Na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa! Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali hadi 1897. Msichana huyo aliuza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba. Taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili. Sifa zilipoenea akaitwa Siti. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Baadaye waandishi wanawake wa Tanzania, kupitia chama chao cha TAMWA, walianzisha jarida wakaliita Sauti ya Siti.

Tazama basi, msikilizaji: aliyeitwa Mtumwa akafa akiitwa Bibi. Jina hilo alilipata kwa jasho lake, si kwa kuzaliwa.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Naye walimcheka?"

Nikamwambia walimcheka sana. Mahasidi walimtungia nyimbo za kukebehi sura yake na asili yake, naye akawajibu kwa wimbo.

Sikumkataza kubadili jina, kwa kuwa ni lake. Nilimwomba tu asubiri hadi shule zifungwe. Juzi dada yangu kaniambia kuwa darasani wamemwuliza tena, siti ya wapi? Akajibu, "Ya Fumba."

Nawe mwenye jina linalochekwa, umewahi kuwauliza wazee lilikotoka? Hadi juma lijalo, kwaheri.