Muziki ni Bosi Asiye na Ganji

Msee wangu, tusizungushane. Hii stori inapigwanga kila siku pale stegi ya boda, venye wateja wamekauka na jua la Arua linachapa kama linatudai: kwa sanaa zote, muziki ndo namba moja ama tunadanganyana? Lazima kuwe na mzae mmoja wa kukohoa kwanza. Anasafisha koo. Anasema, "Namba moja ni adungu." Mzae, adungu ni ala ya nyuzi, ni muziki huo huo. Umeulizwa swali, umejibu kwa kuandika jina lako juu ya karatasi.

Jibu langu ni hili, na sirudii: kwa masikio, muziki ni bosi. Kwa mfuko, ni bosi asiye na ganji. Anaingia kila mahali, anakaa kiti cha mbele, anaagiza. Bili ikija, anaangalia simu.

Tuanze na masikio. Sisi mipaka imetubana huku na huku. Ukishuka Vurra, mbele yako ni Kongo. Ukitoka Koboko ukapita Oraba, ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini. So Jumamosi moja town inakula Lingala kona hii, Kiarabu cha Juba kona ile, Afrobeats katikati, na ngoma za Kampala zinajaribu kupenya, zinashangaa mbona hakuna anayeitikia korasi. Kitenge kikitaka kuvuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, kinajificha chini ya gunia la muhogo. Fally Ipupa anavuka na spika, full volume, na askari wa forodha mwenyewe anatingisha kichwa. Hiyo ndo power.

Halafu kuna wazae wa UNESCO. Hao ni wazae wa dunia nzima, imagine. Rumba ya Kongo waliiweka kwenye orodha ya urithi Desemba 2021. 2021, buda! Baa za Ariwara zilikuwa na hiyo taarifa kabla babako hajamtongoza mamako. Lakini hapa ndo timu muziki inachomeka: kitambaa cha magome cha Uganda, lubugo, wazae hao hao walikitambua 2005. Miaka 16 mbele. Kitu hakina video, hakina sebene, hakiwezi kudunda hata ukikipiga fimbo, na kimeipita rumba mchana kweupe. Si unajua wazae? Wakipewa uhuru wa kuchagua, watachagua kile kisichopiga kelele.

Na ukisikiliza Lingala vizuri, utagundua haijawahi kutembea uchi. Papa Wemba alianzisha bendi ya Viva la Musica 1977, lakini mtaani kwetu tulichomeza zaidi ni luku. Suti. Viatu vya kung'aa. Ile sape. Msee anajua korasi nusu tu, ila anajua kukunja suruali mpaka soksi ionekane. Arua, joto lote hili, kuna jamaa anavaa koti la mzigo kwenda kunywa soda. Na labeli bado iko kwa mkono wa koti! Manze, labeli ni ya duka. Unaitoa. Kuiacha ni aibu, kama kutembea na risiti kwa paji la uso. Hapo nyuma tulikuwa na Opec Boys, wale wasee wa kuuza mafuta ya magendo kwa jerikeni pembeni ya barabara. Hao walikuwa na swagi bila kuimba nota moja. Miwani, pozi, harufu ya petroli. Mtaa ulikuwa unawajua.

Huyo Papa Wemba, btw, ndiye ushahidi wangu bora kwamba muziki una nguvu za ajabu. 2004 mahakama ya Ufaransa ilimpata na hatia ya kuingiza watu Ulaya kinyume cha sheria, wakijifanya wasee wa bendi yake. Fikiria hiyo. Kuna mchoraji gani angesimama ubalozini aseme hawa wote ni wasaidizi wangu wa brashi, na mtu akamsikiza?

Sasa mfuko. Aiii.

Fundi nguo hakukopeshi. Fundi anataka nusu kabla hajashika mkasi, na Krismasi ama Idi ikikaribia bei inapanda, jamaa hata hakuangalii machoni. Kinyozi ni cash. Demu akisuka nywele, hiyo ni bajeti ya wizara. Ukienda kwa mathe wa Kinubi anayesuka tabaga, zile sinia za rangi za kufunika msosi, anakutajia bei na anarudi kusuka. Hakuna discount, hakuna stori. Hana followers, hana hit, hajawahi kupostiwa na mtu, na ana ganji kuliko nusu ya wasanii wa West Nile. Kwa nini? Tabaga huwezi kuikopi kwa Bluetooth.

Ngoma je? Unaenda kwa yule jamaa wa kibanda, kompyuta moja, feni moja, waya mia. Unampa memori kadi. Anakujazia ngoma mpaka kadi inatapika. Unamlipa, bei ya kawaida kabisa, unaenda. Ila angalia umemlipa nani. Umemlipa mwenye feni. Aliyeimba yuko studio mahali, anadaiwa rent.

Ati ustream? Na bando ya nani? 2018 serikali ilileta kodi ya mitandao, shilingi 200 kila siku, kila msee akageuka fundi wa VPN. 2021 wakaitoa, wakabandika asilimia 12 kwenye data. So ukistream unalisha serikali kwanza, unalisha kampuni ya simu, halafu msanii anaokota makombo akiimba kuhusu mapenzi.

Mchukue Jackie Chandiru, mtoto wa West Nile kabisa. Alitokea Blu*3, lile kundi la wasichana watatu walioshinda Coca-Cola Popstars 2004, halafu akapiga solo, Gold Digger ikashika nchi nzima. Uliza msee yeyote stegi, atakuimbia. Sasa muulize kama anajua huyo dada pia ni mchoraji. Kimya. Mtu mmoja, mikono miwili, sanaa mbili, na mtaa umeamua kuona moja tu. Bosi anakula hata wa nyumbani kwake.

Saa zingine bosi mwenyewe anabebwa mgongoni. Sitya Loss ya Eddy Kenzo, 2014: wewe unakumbuka sauti ama miguu? Usidanganye. Unakumbuka wale watoto wa Ghetto Kids wakicheza kwenye vumbi. Mwaka uliofuata Kenzo akabeba tuzo ya BET. 2023 watoto wakafika fainali ya Britain's Got Talent bila Kenzo, miguu tu. Ngoma iliwapa lifti, halafu wakashuka wakanunua gari lao.

Wazae wa Koboko hapa wataleta Idi Amin, kwa sababu wazae wa Koboko hawawezi kumaliza chai bila kumleta Amin. Ati alikuwa anapiga kodiani. Ni kweli, alipiga, na iko kwenye filamu ambayo director Barbet Schroeder alimtengenezea 1974. Lakini sikia kilichofuata. Amin hakupenda vipande fulani vya ile filamu, kama dakika mbili na nusu hivi. Akakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda kwenye hoteli, jeshi likazunguka, akawagawia namba ya simu ya director: mpigieni akate. Director akakata. Amin alipopinduliwa, vipande vikarudi. Miaka mitatu baada ya hiyo filamu, 1977, Byron Kawadwa, bosi wa National Theatre Kampala, alirudi kutoka tamasha la FESTAC Lagos alikopeleka mchezo wake, na akauawa. Hii sifanyii utani. Mtu aliyeshika nchi nzima kwa bunduki alikuwa na raha na kodiani yake. Kilichomkosesha usingizi ni picha inayotembea na watu wanaoigiza jukwaani.

Kwa hivyo kwa kutisha wakubwa, muziki unashindwa? Ningesema ndiyo, mpaka nikumbuke Agosti 2018. Uchaguzi mdogo wa Arua, msanii Bobi Wine kaja kumpigia debe Kassiano Wadri. Barabara zilijaa mpaka boda hazikuwa na pa kupita. Tarehe 13, dereva wake Yasin Kawuma akapigwa risasi akafa. Bobi Wine akakamatwa, akapelekwa kortini Gulu kwa uhaini. Wadri naye akashinda akiwa ndani. Bobi Wine hakuwa amekuja kuimba, lakini wasee wengi walitoka nje kwa sababu ya miaka ya ngoma zake walizojaziwa kwenye memori kadi. Zile zile ambazo hawakuzilipia.

Mzae wa adungu bado amekaa pale, anasema vijana hatujui muziki. Mzae, wewe ulilipia kaseti gani? Zote ulirekodi kutoka redio, na ulikuwa unamlaani mtangazaji akiongea juu ya wimbo.

Anyway, nimesikia kuna mixtape mpya imevuka kutoka Ariwara. Ukiwa nayo niletee hapa stegi, nina memori iko nusu tupu. Nitakununulia rolex ya mayai mawili. Wewe, si msanii. Msanii simjui.