Skrini Seva Ikipotea, Siri za Wanachama Hubaki Wazi



Daftari la tawi letu hapa Masoro nalitunza katika kompyuta ya nyumbani kwangu, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mna majina, michango na malalamiko. Siku moja nilikuwa naandika lalamiko la mwenzetu dhidi ya msimamizi wake, nikaitwa nje. Niliporudi nilimkuta mgeni ameketi sebuleni, na barua iko wazi mbele yake. Zamani kompyuta hiyo ikikaa dakika 10 bila kuguswa, ilileta picha za kuchezacheza zinazofunika kazi. Mafundi huziita skrini seva. Siku ile hazikutokea.

Picha hizi zilitungwa wakati wa vioo vizito vya zamani, vyenye mgongo kama televisheni. Picha moja ikisimama saa nyingi mahali pamoja, iliunguza kioo na kuacha alama isiyofutika. Kwa vioo bapa vya leo, faida kubwa iliyobaki ni kufunga mlango: anayetaka kuendelea huulizwa neno la siri.

Zikipotea katika kompyuta ya Windows, kagua hivi:

Kwanza, huenda zimezimwa tu. Katika kisanduku cha kutafutia andika screen saver. Chagua picha, weka idadi ya dakika, kisha tia alama ya vema penye agizo la kurudi kwenye ukurasa wa kuingilia. Hakikisha kompyuta ina neno la siri, la sivyo kufuli halina ufunguo.

Pili, tazama mpango wa umeme. Kioo kikiamriwa kuzima baada ya dakika 5, picha za dakika 10 hutaziona kamwe.

Tatu, angalia kipanya. Kikitikisika chenyewe mezani, kompyuta hudhani upo kazini.

Nne, kama orodha ya picha ni tupu, tazama folda ya System32 iliyo ndani ya folda ya Windows. Faili zake huishia na .scr. Zikikosekana, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, uandike sfc /scannow. Kompyuta itakagua faili zake na kurudisha zilizoharibika.

Tahadhari, ndugu zangu! Usikimbilie kuchukua skrini seva za bure kwenye intaneti. Faili ya .scr si picha, ni programu kamili. Ukiifungua inaweza kufanya lolote, hata kuiba daftari zima la tawi.

Na usingoje picha zikulinde. Ukiinuka kitini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Kompyuta hujifunga papo hapo.

Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya kulinda taarifa za watu binafsi. Lakini hata bila sheria, mwenzetu aliyetuletea lalamiko lake ametukabidhi mkate wa watoto wake. Tumtunzie siri yake.

Umoja ni nguvu!